Neno la Siri la Kwa Mama Parfait

Mtaa mzima wa Kasha, pale Bukavu, ulijua neno la siri la mtandao wa kwa Mama Parfait. Ukitaka kuambiwa ubaya wa jambo hilo ungemuuliza mume wake, Télesphore. Ukitaka kuambiwa uzuri wake ungemuuliza yeye mwenyewe, Adélaïde, ingawa uzuri aliokuwa anaufikiria hakuweza kuusema mbele ya watu.

Neno lenyewe lilikuwa karibuwote, herufi ndogo, bila nafasi katikati. Lilizaliwa siku za kilio cha mama yake Télesphore, uani kukiwa kumejaa ndugu kutoka Nyangezi na Walungu, kila mmoja akitaka kutuma picha za maziko kwa watoto walioko mbali. Parfait, kijana wao, akachukua kipande cha katoni, akaandika jina la mtandao na neno la siri kwa kalamu nene, akakitundika juu ya pipa la maji. Kilio kikaisha. Hema likashushwa, viti vikarudi parokiani, sufuria zikarudi kwa wenyewe. Kipande cha katoni kikabaki palepale, na nani angethubutu kukiondoa? Kwetu kitu ulichokitoa kilioni hukidai tena. Mtu aliyekuletea kuni na maharage wakati umekaa chini unalia, huwezi kumfuata wiki inayofuata ukamwambia atoke kwenye mtandao wako.

Basi hawakutoka, tena walizidi. Nyuma ya parcelle, yaani kiwanja chao, kulikuwa na ukuta wa matofali, na chini ya ukuta mawe yaliyobaki tangu nyumba ilipojengwa. Kila alasiri mawe yale yalikuwa na watu: wanafunzi, mama wa makaa, mafundi seremala, wote wameinamisha vichwa kana kwamba wanasali. Kulikuwa na dereva mmoja wa pikipiki aliyemtongoza msichana wa Goma mwaka mzima kwa mtandao wa Télesphore, na siku ya mahari hakumwita Télesphore hata kunywa soda. Mzee alilalamika kila jioni, kwa sauti ya mtu anayejua vizuri kwamba hatafanya lolote.

Ruta yenyewe, kile kisanduku cha kurushia mtandao, ililetwa na Parfait. Katika chumba cha mbele, ambako baba yake alikuwa anasahihishia madaftari zamani za ualimu, kijana alifungua kazi ya kupiga chapa, kutoa fotokopi na kuandikisha wanafunzi vyuoni. Sasa kompyuta ilikuwa imefunikwa kitenge, na mashine ya fotokopi ilikuwa meza ya kuwekea pasi. Lakini kila mwezi Adélaïde, aliyekuwa anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni Bagira, alikwenda mwenyewe kulipia mtandao kabla hajanunua hata chumvi. Majirani walimwona ni mwema kupita kiasi. Wengine walimwona ni mjinga. Hakuwa mwema wala mjinga. Alikuwa mama anayemngoja mtoto wake arudi.

Parfait aliondoka ule mwaka mji ulipobadilisha watawala, watu wenye bunduki walipoanza kuulizia vijana kwa majina. Alikuwa amepiga video kupitia dirisha la chumba kilekile cha mbele, video ya jambo ambalo hakutakiwa hata kuliona, sembuse kulipiga. Akaituma kwa rafiki mmoja. Rafiki naye ana marafiki. Haukupita muda video ikawa kila mahali, na jina la aliyeipiga likaifuata nyuma.

Asubuhi ya kuondoka alimkuta mama yake jikoni anamenya mateke, yaani magimbi. Akatoa puce, kadi ya laini, kwenye simu, akaikata kwa makasi, akaenda kuitupa chooni. Aliporudi alichuchumaa karibu na beseni.

“Maman, sikia muzuri. Simu itabakia bila puce. Ku numéro njo kule batu bananitafutia, sitaweka ingine. Lakini simu inakumbuka wifi ya hapa. Siku nitarudia, sitapita ku mulango. Nitakaa kule nyuma ku mukuta, kama batu bengine. Simu itashika yenyewe. Ikishika, nitakuandikia, na we utaniambia niingie ao nisiingie.”

“Na courant ikikosa?” Adélaïde aliuliza, maana umeme wa Kasha anaujua.

“Courant ikikosa, wifi haitaonekana hata kidogo. Nitajua ni courant, nitarudia kesho yake. Lakini kama inaonekana na inanikatala, nitajua mulibadilisha code. Nitajua mu nyumba kuko hatari. Nitaenda, sitaangalia nyuma.”

“Donc kukiwa hatari, nibadilishe.”

“Kukiwa hatari, ubadilishe. Kama hakuna, usiguse kitu, Maman. Jina, code, yote ibakie vile.”

Adélaïde aliyarudia maneno yale kama mtoto wa katekisimu, na kisu kikiwa bado mkononi. Parfait akacheka kidogo, akachukua teke moja la jana lililobaki kwenye sahani, akaondoka akitafuna. Tangu hapo ujumbe wake ulifika mara moja tu, kutoka wifi ya mtu fulani upande wa Uvira: niko muzima, musihangaike. Adélaïde alijibu palepale. Jibu lake halikusomwa kwa wiki nyingi, halafu siku moja likaonekana limesomwa, halafu kimya.

Ndiyo maana alilipia mtandao kabla ya chumvi.

Matatizo yalikuja kwa njia ya Patrice, mtoto wa jirani, aliyekamatwa pale pale juu ya mawe na simu mkononi. Alikuwa anatuma nini, kila mtu alikuwa na habari yake. Mama yake alisema ni muziki. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Évariste, chef d’avenue, yaani mkuu wa mtaa, aliingia kwa Télesphore, akakaa, akaletewa chai, akaisukuma kando. Adélaïde aliliona hilo. Évariste hakuwa mtu wa kukataa chai.

“Papa Parfait, bananiuliza swali,” alisema. “Hii vitu inatokaka hapa Kasha inaenda inje, inapita ku wifi ya nani? Mu simu ya ule mutoto baliona jina. PARCELLE TÉLESPHORE, na majiskile, herufi kubwa kubwa. Sasa mi nitasema ni Télesphore mugani?”

“Useme ni wifi ya batu bote,” Télesphore alijibu. “We mwenyewe uko ndani. Juzi ulikuwa unaangalia mupira.”

“Njo maana nilikuya mi, sikutuma mutu.” Évariste alipangusa uso. “Ufunge. Bakikuya, bakute umefunga, kila kitu iko mu ordre. Kama bananikuta bado kuko batu ku mukuta, mi sikujue we, na we hukujue mi.”

Alipoondoka, chai ilikuwa imepoa. Télesphore akasimama mbele ya ruta, iliyotundikwa ukutani chini ya kalenda ya parokia, taa zake zikimetameta bila wasiwasi wowote.

“Tutabadilisha,” alisema.

“Hatubadilishe,” alisema Adélaïde.

“Mama Parfait.”

“Ukibadilisha, unamufukuza. Unajua. Nilikuambia maneno yake yote, neno kwa neno.”

“Na kama bananikamata mi? Kama bananikamata we? Atarudia kwa nani? Kwa hii mukuta?”

Adélaïde aliingia chumbani, akajitupa kitandani na viatu vyake, akalia kwa hasira. Alimkasirikia Évariste, alimkasirikia Patrice na simu yake, aliikasirikia katoni iliyo juu ya pipa. Zaidi ya wote alimkasirikia mumewe, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Wakamwita Jean-de-Dieu, fundi wa simu na antena mwenye kibanda karibu na soko la Bagira, kijana mpole aliyesomea umeme akaishia kwenye vioo vilivyopasuka. Alifunua kompyuta, akapuliza vumbi, akaingia kwenye ukurasa wa ruta. Alipoandika neno la siri la usimamizi, lile la kiwandani ambalo kila mtu duniani analo, ruta ikamfungulia mara moja. Akacheka.

“Papa, hata hii haikubadilishwa? Mutu yeyote ku mukuta angeingia hapa akakufukuza we mwenyewe mu wifi yako.” Akaanza kubonyeza. “Bon. Hii tunabadilisha. Hii bouton ya kuunganisha bila code, tunaifunga. Sasa tuweke jina mupya na code mupya, ya nguvu, yenye vyifre, namba, ndani…”

“Hapana,” alisema Adélaïde. “Jina na code, usiguse.”

Jean-de-Dieu akageuka. Akamtazama Télesphore, na Télesphore akatazama kalenda. Kwa hiyo Adélaïde akafunga mlango, akamweleza. Hakumweleza yote, lakini alimweleza ya kutosha: kuna simu moja isiyo na puce, inayojua neno moja tu, na siku ikifika lazima ipokelewe. Wengine wote watoke. Ile moja ibaki.

Fundi alikuna kidevu.

“Kuko namna,” alisema mwishowe. “Kila simu iko na matrikule yake, numéro ya kutoka ku kiwanda. Kama vile Papa alikuwa na matrikule ya bualimu. Hata ubadilishe jina, matrikule inabakia. Naweza kuambia routeur: code ibakie ileile, jina libakie lilelile, lakini uitikie tu hizi matrikule nitakupa. Ingine yote, hata bakiandika code muzuri, ubakatale.”

Adélaïde aliinuka kitini.

“Na matrikule ya simu yake?”

“Njo hapo kuko kazi. Routeur inanionyesha tu benye kuwa ndani sasa hivi. Yeye haiko ndani. Lazima simu yenyewe, ao boîte yake, kama hamukuitupa. Ku simu zingine banaiandikaka ku boîte.”

Kuitupa! Adélaïde alikwishafika chumbani. Boksi la simu ya Parfait lilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko, na ndani yake alikuwa ameweka medali ya ubatizo wake, picha zake za pasipoti zilizobaki, na jino lake moja la utoto ambalo Télesphore hakujua kama lipo. Aliviweka vyote kitandani, akarudi na boksi tupu ameshika kwa mikono miwili. Chini kulikuwa na karatasi yenye mistari myeusi na tarakimu ndogo ndogo. Jean-de-Dieu akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

“Iko hapa,” alisema. “Maman, hii boîte ni ya ile simu kabisa? Ile ile?”

“Nilinunua mi mwenyewe. Mupya, na plastiki juu.”

Na ni kweli aliinunua mwenyewe, soko la Kadutu, kwa Bijou, mwanamke mwenye maneno matamu kama asali, mwaka Parfait alipopata diploma ya serikali. Alikuwa ameuza sambaza msimu mzima kwa ajili ya siku ile. Plastiki ilikuwepo. Pia kulikuwa na mkwaruzo mdogo pembeni mwa simu, ambao Parfait aliuona, akaufunika haraka kwa kidole gumba ili mama yake asiuone. Mama yake aliuona. Bijou alipoulizwa baadaye alisema ni safari, vitu vinapigwapigwa ndani ya makontena. Adélaïde alikubali, kwa sababu siku ile alitaka kuwa mama aliyemnunulia mtoto wake simu mpya ndani ya boksi lake. Sasa mkwaruzo ule ulimpita kichwani, akaufukuza kama unavyofukuza inzi.

“Ni ya ile simu,” alirudia.

Jean-de-Dieu akaandika matrikule ya simu ya Télesphore, ya simu ya Adélaïde, ya kompyuta. Halafu ile ya boksi, polepole, herufi kwa herufi, huku Adélaïde akimsomea na kidole chake kikipita juu ya karatasi. Wakahakikisha mara nyingine tena. Kisha akabonyeza. Kabla hajainuka kitini, sauti zilipanda nyuma ya nyumba.

“Eh! Imekatika?”

“Yangu inasema refusé.”

“Ni courant?”

“Hapana, wifi iko, lakini inakatala!”

Télesphore akatoka, akakiondoa kipande cha katoni juu ya pipa la maji. Alikivunja vipande viwili, halafu hakujua avitupe wapi, akarudi navyo ndani.

“Na yeye?” Adélaïde alimuuliza fundi mlangoni. “Yeye itamuitikia?”

“Itamuitikia, Maman. Kama boîte iko ya kweli.”

“Hatuwezi kujaribu?”

“Mpaka simu ikuwe hapa,” alisema Jean-de-Dieu, na alisema kwa upole, kwa sababu alisikia mwenyewe jinsi neno lile lilivyokuwa zito.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa namna ndogo ndogo, zile zinazouma bila kuacha alama. Salamu zilifupika. Mama wa makaa, aliyekuwa akimwongezea Adélaïde vipande viwili vitatu juu ya ndoo, sasa alisawazisha ndoo kwa mkono. Parokiani mtu alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba wengine hukumbuka majirani wakiwa na maiti tu. Mama Patrice alikuja mwenyewe, saa ya mchana, hakuketi. Aliomba simu yake iwekwe kwenye orodha, kwa sababu kuna watu Kinshasa wanaomsaidia kumtafuta mtoto wake, na wanaandika jioni.

Télesphore alieleza mambo ya Évariste, mambo ya usalama. Mama Patrice alimsikiliza akimwangalia Adélaïde tu.

“We pia uko na mutoto inje,” alimwambia. “Nilifikiri we utanielewa.”

Adélaïde alimwelewa kabisa. Alimwacha mwanamke yule atoke na simu yake, na alijichukia, na bado hakumwita arudi, kwa sababu kila matrikule mpya aliiona ni kama ufa mwingine ukutani ambako wenye bunduki wangeweza kuchungulia.

Jambo jingine lilimjia baadaye, alipokuwa anaanika nguo. Ukuta ulikuwa mtupu. Mawe yalikuwa yamekaa peke yao, maji ya mvua yamejaa kwenye vishimo vyao. Parfait alisema atakaa pale kama watu wengine. Wengine gani sasa? Mtu yeyote atakayekaa pale ataonekana kutoka barabarani, yeye na kivuli chake. Alimwambia Télesphore. Télesphore alisema mtoto ana akili, ataona cha kufanya. Lakini jioni hiyo mzee hakumaliza ugali wake.

Kwa hiyo Adélaïde akajipa kazi. Kila alasiri alikuwa na sababu ya kwenda nyuma: nguo, kuku, takataka, jani moja la mboga ya lengalenga. Alifungua mlango wa nyuma, akachungulia juu ya ukuta, akarudi. Simu yake aliiweka kifuani ndani ya kitenge, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, hata kanisani, ambako ililia wakati wa mageuzo kwa tangazo la kampuni ya simu na padri akanyamaza mpaka alipoizima.

Halafu ikaja ile alasiri ya mvua. Wenyeji wa Bukavu wanaijua mvua ya namna ile, inayoshuka mlimani na udongo mwekundu, inayofanya kila mama ahesabu watoto wake na kutazama ukuta wa jirani wa juu. Bati lilipiga kelele hadi Télesphore akazima redio. Umeme, kwa maajabu, haukukatika. Adélaïde alikwenda mpaka mlango wa nyuma, akaona maji yanapita kizingitini, akaweka gunia chini ya mlango, akarudi kukaa. Nani atakuja katika mvua ile? Alikaa na simu mapajani akiitazama. Taa za ruta zilikuwa zinawaka zote. Simu haikulia. Jioni mvua ilipopungua alilala mapema, na alilala vizuri, jambo ambalo hatajisamehe kamwe.

Haukupita muda mrefu, mdogo wake Chantal akafika kutoka Nyangezi na kapu la maharage kichwani. Chantal alikuwa mtu wa kelele, anayeanza kusalimia tangu barabarani. Siku hiyo aliingia kimya, akashusha kapu, akaangalia kama mlango umefungwa.

“Yaya,” alimwambia dada yake, “Parfait alifika kwangu.”

Adélaïde alishika ukingo wa meza. Furaha ilimpanda ghafla, furaha ya kijinga, mpaka akacheka kwa sauti. “Iko wapi? Anakula? Mbona hukukuya naye?”

“Kaa chini, yaya.”

“Sikae. Sema.”

Chantal alisema. Kijana alifika kwake amelowa hadi mifupani, siku moja baada ya ile mvua kubwa. Alikuwa ametoka Bukavu. Alikuwa amefika mpaka Kasha, mpaka nyuma ya nyumba.

“Alisema, mama mudogo, kwetu banabadilisha code. Nikamuambia pengine ni simu njo iko na matatizo, iliingia mayi. Akasema hapana. Wifi ilionekana muzuri, barre yote. Ilimukatala. Alijaribu, alijaribu, ilimukatala. Akasema mu nyumba kuko hatari, maman ananijulisha.”

“Hakukuwa hatari,” alisema Adélaïde. “Hakukuwa kitu. Nilikuwa hapa. Nilikuwa nimekaa hapa!”

“Nilimuambia alale, nitakuya mi kuona. Alikatala kabisa, akasema nitaleta batu nyuma yangu. Asubuhi aliondoka na bavijana bengine, camion ya njia ya Sange. Bale benye banaenda kushika bunduki, yaya. Alisema sasa hana fasi ingine.” Chantal aliingiza mkono chini ya maharage, akatoa kitu kilichofungwa kwenye mfuko. “Akaniachia hii. Akasema haina kazi tena, ilikuwa ya kumurudisha nyumbani tu.”

Ilikuwa simu. Mkwaruzo ulikuwepo pembeni.

“Na numéro?” Télesphore aliuliza kutoka mlangoni, na hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. “Aliacha numéro ya mutu? Jina ya ile kikundi?”

Chantal alitikisa kichwa. Chini kule Sange, kwenye uwanda, mapigano yalikuwa yameanza upya tangu juzi. Hilo alilisema mwisho, akiangalia sakafu.

Jean-de-Dieu aliitwa. Aliichomeka simu kwenye umeme, ikawaka, akatafuta mahali matrikule inapoandikwa. Aliisoma kimya. Akaomba boksi. Adélaïde alilileta, na mara hii alisoma yeye mwenyewe, kidole juu ya karatasi, na fundi akasoma kutoka kwenye kioo. Matrikule mbili hazikulingana tangu mwanzo mpaka mwisho. Hata herufi ya kwanza haikuwa moja.

“Hii boîte ni ya simu ingine,” alisema Jean-de-Dieu. “Kule Kadutu banafanyaka vile. Simu ya occasion, yenye ilishatumika, banaitia mu boîte ya mupya, banaweka plastiki. Maman, nilikuuliza.”

“Uliniuliza,” alisema Adélaïde.

Alitamani amchukie Bijou, na baadaye alimchukia vya kutosha. Lakini saa ile hakukuwa na nafasi. Alikuwa anaona kidole gumba cha mtoto wake kikifunika mkwaruzo ili asiharibu furaha ya mama yake, na alikuwa anajiona mwenyewe akisema ni ya ile simu, ni ya ile simu, kwa kiburi cha mwanamke aliyenunua kitu kipya.

Fundi hakujua la kufanya na mikono yake. Labda kwa sababu hiyo tu, kwa kutaka kumaliza kazi aliyoikosea, aliandika matrikule ya kweli kwenye ruta, akahifadhi. Simu ya Parfait ikakaa kidogo mezani. Halafu, bila mtu kuigusa, ikashika yenyewe, kama alivyosema itafanya.

Ndipo kifuani mwa Adélaïde simu yake ikaanza kulia. Ililia mara kadhaa, mfululizo. Aliitoa. Zilikuwa jumbe zilizoandikwa siku ya mvua, zilizokaa ndani ya simu ile zikingoja mlango.

Maman niko hapa nyuma.

Ku mukuta hakuna mutu. Batu beko wapi?

Wifi inanikatala. Ni we ulibadilisha?

Kama uko, fungua tu mulango ya nyuma hata kidogo, nikuone.

Na ya mwisho, baada ya hapo:

Sawa Maman, nimeelewa. Aksanti kunijulisha. Usilie.

Télesphore alisoma juu ya bega lake, akaenda kusimama mbele ya ruta, uso ukutani. Chantal alianza kulia kwa sauti. Adélaïde hakulia. Alivuta kiti, akaketi, akapangusa kioo kwa ncha ya kitenge, na kwa vidole vyake vinene vya kuuza samaki akamjibu mtoto wake, herufi kwa herufi: Ingia, mwanangu, hakuna hatari, ingia ule.

Akabonyeza. Na pale mezani, karibu na boksi tupu, simu ya Parfait ikalia.